Viazi Vilivyobaki Ardhini

Harufu ya majira yale ilikuwa ya maganda ya jozi nyeusi yanayooza. Anayeijua hahitaji maelezo. Asiyeijua achukue rangi ya viatu, aichanganye na ndimu mbovu, kisha aiache ndani ya ndoo yenye maji ya mvua. Inashika vidoleni na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa mchanga. Miti ya jozi, zile kokwa ngumu zenye kiini cha kuliwa, ilisimama nyuma ya nyumba yetu, na kuanzia mwishoni mwa Septemba matunda yake yaliangukia bati la banda la kuku kwa kishindo kilichowafanya kuku wasitage. Baba aliamini kwamba kitu kinachoanguka bure ni lazima kiliwe. Tuliziokota kwa ndoo, tukazitandaza njiani, na yeye akapitisha gari juu yake mbele na nyuma mpaka maganda yapasuke. Kisha mimi na dada yangu Atupele tulikaa kwenye ngazi za nyuma tukizigonga kwa nyundo na kuchokoa viini kwa msumari. Kazi ya jioni nzima ilijaza kikombe cha chai. Nimewasikia watu wazima, wenye akili zao, wakisema utoto wa namna hii uliwajenga. Mimi ulinipa vidole vyeusi ambavyo shuleni nilivificha mifukoni hata wakati wa kuandika, mpaka mwalimu akadhani sijui kuandika.

Tuliishi ng'ambo ya mji wa Gaithersburg, upande ambao siku hizo barabara ilikuwa bado nyembamba na mashamba ya mahindi yalikuwa hayajageuzwa nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta. Yetu ilikuwa nyumba ya mbao, kuukuu, iliyoegemea upande mmoja, na nyuma yake kulikuwa na ardhi ya kutosha kumpa mtu mawazo. Baba alikuja nchi hii kama dereva wa watu wa ubalozi. Mkataba ulipoisha, wenzake walirudi nyumbani au walitafuta usukani mwingine. Yeye alipata falsafa. Utotoni kwake Tukuyu, akiwa na sare ya chipukizi, aliimba sana juu ya kujitegemea, na maneno ya zile nyimbo yalimkaa kuliko kazi iliyoandamana nazo. Alitangaza mezani kwamba familia yake haitanunua tena chakula. "Duka ni gereza lenye kiyoyozi," alisema, na kwa kuwa msemo huo ulimpendeza, aliurudia kwa kila mgeni aliyeingia.

Mke wake ndiye aliyelijaza pengo lililobaki kati ya msemo na sufuria. Chumvi, mafuta, sukari, majani ya chai, unga wa ugali, chakula cha kuku, mafuta ya gari na kodi ya nyumba yenyewe, vyote hivyo vililetwa na Mama, aliyewahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee mjini. Aliviingiza kupitia mlango wa jikoni, akavipanga kabatini, na Baba hakuviona. Sisemi kwamba alijifanya havioni. Hakuviona kweli, kama vile mtu asivyoiona pua yake. Jioni alikaa mbele ya jiko la kuni, akanywa chai yenye sukari mbili, akatuhutubia juu ya uhuru wa mtu anayekula jasho lake.

Majira ya majani kuanguka Baba aliyaita vuli, kama kwetu, ingawa mvua yake haioteshi kitu. Ndiyo yaliyokuwa msimu wake mkuu, kwa sababu watu wa mji huo walikuwa wakitupa vitu. Mwisho wa Oktoba kuna ile sikukuu ambayo watoto huvaa vinyago na kugonga milango wakiomba pipi, na kila nyumba huchonga boga na kuliweka barazani na mshumaa ndani. Sikukuu ikipita, maboga hutupwa. Tulipita mitaani na gari la wazi nyuma, mimi na Atupele tukiruka chini kila baada ya nyumba kadhaa, tukilikumbatia boga lenye macho ya pembetatu na meno mawili, linalonuka masizi na nta. Mvulana niliyekaa naye dawati moja alitoka barazani kwao, akasimama kututazama, kisha akamwita mama yake aje naye aone. Baba alimpungia mkono. Garini alituambia kwamba watu wanaochonga chakula nyuso kisha wakakitupa wamelaaniwa, na katika hilo hakukosea, jambo ambalo lilizidi kuniudhi. Lakini boga lililochongwa huanza kuoza mdomoni. Nyumbani tulikata nyuso tukawapa kuku, tukapika visogo. Kwa majuma mengi tulikula visogo vya maboga ya watu, na ladha ya mshumaa haikuwahi kwisha.

Majani nayo tuliyabeba. Wenye nyumba waliyakusanya, wakayatia kwenye mifuko ya karatasi na kuipanga kando ya barabara, na Baba akaipakia yote na kuirundika nyuma ya nyumba. Alipoulizwa ni ya nini, alisema ardhi itajua. Alikuwa na majibu mengi ya aina hiyo, yanayomfanya anayeuliza aonekane mtu wa haraka.

Mama hakuwa mtu wa misemo. Alitoka Shinyanga, nchi ya jua kali na mvua ya kubahatisha, na alizungumza kama anayetunza maji. Kilichomsumbua kilikuwa barabara. Kila alfajiri aliendesha gari letu la pili, ambalo baridi ikizidi lilikataa kuwaka, katika njia isiyo na taa ambamo swala wa huku waliruka kutoka vichakani. Alikuwa ameshachelewa kazini mara kadhaa, na msimamizi alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akichelewa tena majira ya baridi atampa zamu zake mtu mwingine. Karibu na kazini kwake, Gaithersburg mjini, kulikuwa na jengo lenye nyumba za kupanga: vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya pili, joto linatoka ukutani, na angeweza kwenda kazini kwa miguu. Mwezi wa nane alimweleza Baba, nasi tukiwepo. "Nimekusikiliza juu ya shamba hili," alisema. "Tukifika mwezi wa tatu kwa chakula ulicholima, nitakaa na sitalitaja tena jambo hili. Kikipelea kabla, tunahama." Baba alicheka, akampa mkono kama wafanyabiashara, akasema, "Mwezi wa tatu utakuta bado tunachimba viazi." Mimi nilitaka lile joto la ukutani kuliko nilivyokuwa nimetaka kitu chochote, na nilikwenda kulala nikiombea njaa.

Baba alitegemea viazi vitamu. Alikuwa amenunua viazi dukani, katika gereza lile lenye kiyoyozi, akaviotesha dirishani, akakata marando na kuyapanda kwenye matuta marefu yaliyofika hadi kwenye uzio. Vilistawi, sitamnyima hilo. Kufikia Septemba majani yalifunika udongo wote, na ukipapasa chini ya tuta mkono ulikuta viazi vimebanana. Hapo ndipo tofauti ya Tukuyu na Shinyanga ilipojitokeza. Tukuyu mvua hainyimi, na udongo wake una ukarimu kiasi kwamba mtu haweki kiazi ghalani. Anakiacha tutani, anachimba cha leo, kesho anarudi kwa kingine. Shinyanga mvua ikikatika imekatika, kwa hiyo wanachimba vyote, wanamenya, wanakata vipande vyembamba na kuvianika mpaka viwe vikavu kama vigae vya chungu. Hiyo ndiyo michembe. Inakaa mwaka mzima, na ukiichemsha na karanga inarudi kuwa chakula.

Mama alisema tuchimbe, tukate, tuanike. Baba alisema michembe ni chakula cha watu waliozoea kufa njaa. "Sisi kwetu ardhi ndiyo ghala," alisema. "Halina panya, halina kufuli." Jirani yetu, mkulima mzee wa Kizungu, alisimamisha trekta kwenye uzio siku moja mwanzoni mwa Oktoba na kumwambia kwa upole kwamba viazi vya namna ile vitolewe kabla baridi haijauma, maana havistahimili. Baba alimshukuru kwa Kiingereza chake cha udereva, kilichojaa heshima, na mzee alipoondoka akatugeukia. "Ugali hajawahi kuuona, leo anifundishe kiazi." Atupele, ambaye tayari alikuwa akijibu kila kitu kwa Kiingereza, alimuuliza kama yule mzee si ndiye aliyezaliwa hapa. Baba alimwambia nenda kagonge jozi.

Mama hakubishana. Aliomba tuta moja, lile la kando ya barabara, na Baba akalitoa kwa mbwembwe, mbele yetu, akipunga mkono kama mtu anayegawa ufalme. "Hilo ni lako. Kafanye Shinyanga yako." Siku zake za mapumziko alichimba peke yake, kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamenya na kukata. Alikuwa na kisu kidogo na kasi iliyonifanya nimtazame kwa hofu. Vipande vilianguka vyote vikiwa na unene mmoja. Oktoba ya huku ina siku kadhaa za jua kavu na upepo, na yeye alizijua siku hizo kana kwamba ameziagiza. Alitandaza vipande juu ya nyavu za madirisha ya zamani alizozikuta ghorofani, akaziinua juu ya banda la kuku, na jua likizama aliziingiza ndani na kuzitundika juu ya jiko la kuni. Nyumba nzima ilinukia utamu mkavu uliozishinda hata zile jozi. Baba alipita chini ya nyavu akiinamisha kichwa. "Mke wangu anakausha makaratasi," alimwambia mdogo wake kwenye simu, akacheka mpaka akakohoa. Michembe ilipokauka Mama aliitia kwenye foronya za mito, akazifunga midomo kwa kamba na kuzipanga chini ya kitanda chake.

Kisha tukaamka asubuhi moja na kukuta nyasi ni nyeupe. Umande ulikuwa umeganda juu ya kila kitu, na kufikia mchana majani ya viazi yalikuwa meusi na yamelegea kama mboga iliyochemshwa ikasahauliwa. Baba alisema majani si kitu, mali iko chini. Aliileta ile mifuko ya majani ya watu, akayamwaga juu ya matuta, akasema amevipa viazi blanketi. Mvua ikanyesha juu ya blanketi. Mimi ni fundi wa mitambo ya kupasha joto majengo, na sikusoma chuo. Nilichonacho nimekitafuta mwenyewe kwenye maktaba za umma, kitabu baada ya kitabu, kwa sababu sipendi kubaki na jambo bila sababu yake. Nikiwa mtu mzima nililitafuta na hili. Kiazi kitamu huumizwa na ubaridi kabla hata maji hayajaganda, na majani yakishaungua, uozo hushuka kupitia shina hadi chini. Blanketi lile liliuhifadhi unyevu tu. Mambo haya yameandikwa katika vijitabu vya wakulima vinavyogawiwa bure. Baba, mpenzi wa vitu vya bure, hakuwahi kuchukua hata kimoja.

Sikukuu ya Shukrani, ile ya mwishoni mwa Novemba ambapo watu wa huku hula pamoja na jamaa zao, ilipofika aliwaalika Baba Mdogo na mkewe kutoka Springfield waje wale chakula cha mikono yake. Baba Mdogo alifanya kazi ya kompyuta na alivaa viatu vyeupe. Mkewe, Mama Mdogo Wanjiru, alikuwa Mkenya wa Nakuru, na hakuwa na tabia ya kumeza maneno. Baba aliwapeleka moja kwa moja shambani, nasi nyuma yao.

"Shika jembe, mdogo wangu," alisema. "Leo utakula ulichochimba."

"Kaka, mimi nimekuja kula. Kulima nilikuachia tangu tuko nyumbani."

Baba alisukuma majani kando, akainua jembe na kulishusha. Halikutoa ule mlio wa udongo unaopasuka, lilizama kimya. Harufu ilipanda ya pombe iliyochacha. Aliingiza mkono na kutoa kitu kilichokuwa na umbo la kiazi kwa muda tu, kisha kikapita katikati ya vidole vyake.

"Kwetu tunaita ngwaci," Mama Mdogo alisema, "lakini za kukunywa sijawahi ona."

"Hapa maji yalituama," Baba alisema. "Twendeni tuta lile."

Tuta lile lilikuwa vilevile, na lililofuata pia. Alikwenda akichimba kuelekea kwenye uzio, kila mara akiwa na sababu mpya, na suruali yake ya sikukuu ikijaa rojo hadi magotini. Baba Mdogo alitembea pembeni akilinda viatu vyake.

"Endelea tu, kaka. Ukitokea Tukuyu utakuta kizima."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. Hakutoka. Alitazama mpaka Baba alipofika mwisho wa tuta la mwisho, kisha akaingia ndani kuinjika sufuria.

Tulikula kuku wetu, kisogo cha boga, na michembe iliyopikwa na karanga, laini, yenye utamu wa asali iliyokaa karibu na moshi. Baba Mdogo alijazia sahani yake mara tatu. Baba alikula kwanza akiitazama sahani yake, kisha nikaona uso wake ukianza kurudi mahali pake. Alifuta mdomo, akaegemea kiti.

"Mnaona?" alisema. "Tumekula, na zipo foronya tele kule chumbani. Shamba halijatutupa. Mwezi wa tatu tutaufikia. Tunakaa."

Mama aliweka kijiko chini. "Nilisema chakula ulicholima wewe."

"Si shamba moja, Mama Atupele?"

"Uliligawa mwenyewe. Ukasema lile tuta ni langu, ukacheka mbele ya watoto. Basi ni langu, na ninahama nalo."

"Unahama nalo wapi?"

"Gaithersburg. Nimeshaongea nao. Tunaingia mwanzoni mwa mwezi."

Baba alimgeukia mdogo wake, labda akitafuta ndugu. "Unamsikia shemeji yako? Mke anahama na michembe."

"Kaka," Baba Mdogo alisema, akivuta bakuli karibu, "hata mimi ningeifuata."

Tulihama kabla ya Krismasi. Mama alibeba foronya zake kwenye kiti cha mbele, na sisi tulikaa nyuma tukipakata sufuria. Baba alibaki kwa majuma kadhaa ili kuthibitisha jambo ambalo hakulitaja, kisha kuni zikalowa, naye akaja. Mama hakuchelewa tena kazini. Mimi niliketi karibu na lile tundu la ukutani lililotoa joto, nikalisikiliza likivuma, na nikaanza kujiuliza linafanyaje kazi. Kazi yangu ya leo ilianzia hapo. Wanaodai kwamba shamba ndilo linalomfundisha mtoto kufikiri waje wanieleze kwa nini mimi nilianza kufikiri siku nilipoondoka.

Ardhi ile sasa imejengwa. Nyumba zake zinafanana, na kila baraza lina boga katika msimu wake. Baba ni mzee, anaishi Herndon kwa Atupele, katika nyumba yenye uwanja wa nyuma unaomtosha kwa hotuba. Yeye na Mama hawakuachana. Walichoka tu kuishi katika hadithi mbili ndani ya nyumba moja. Ya kwake imenawiri. Kwenye mikusanyiko ya Watanzania husimulia jinsi alivyoilisha familia kwa mikono yake kwenye nchi ya baridi, na ndani ya masimulizi hayo viazi huchimbwa vizima, na michembe inaitwa "michembe yetu". Kijana mmoja alimrekodi kwa simu na kumsambaza mtandaoni. Maelfu ya watu walio kwenye nyumba zenye joto wamemwita mzee wa dhahabu. Wameulizia jembe lake ni la aina gani. Hakuna aliyeulizia nani alikuwa akilipa kodi.

Mwaka huu, Oktoba, nilikutana na mmoja wa wafuasi hao kwenye sherehe ya ubatizo kwa Baba Mdogo, Springfield. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, ndevu zimechongwa vizuri, viatu vya shambani ambavyo havijawahi kukutana na tope. Anaacha kazi. Amepata ardhi ng'ambo ya mlima, mbali na kila kitu, na aliniambia neno "mbali" kama wengine wanavyosema "peponi". Atafuga kuku na mbuzi, ataoka mkate, atajitegemea. Alitaka kujua kutoka kwangu, kama mtoto wa yule mzee, aanze kupanda nini.

Nilimuuliza nani atabaki na mshahara.

"Mke wangu," alisema. "Yeye ni nesi, kazi yake haina shida, ataendesha tu. Kama saa moja na nusu hivi, kukiwa hakuna theluji."

Mkewe alikuwa ameketi kando yake, bado na sare ya hospitali chini ya koti, sahani ya pilau mapajani. Mumewe aliendelea na aina za kuku, ipi inatulia na ipi inavumilia baridi, na mimi nikajikuta ninamweleza mkewe kisa hiki kwa ufupi: matuta, Sikukuu ya Shukrani, foronya za michembe, jengo lenye joto la ukutani karibu na kazi ya Mama. Alisikiliza hadi mwisho bila kucheka.

"Na mama yako sasa yuko wapi?" aliuliza.

"Palepale Gaithersburg. Hajawahi kuhama."

Mumewe alikuwa amefika kwenye majogoo. Mkewe aliiweka sahani yake chini, akasogeza kiti karibu kidogo na changu.

"Kwenye hilo jengo," alisema kwa sauti ya kawaida, "bado wanapangisha?"

Nilimwambia wanapangisha.